Jumamosi na profesa wa fiziotherapia (tiba ya viungo)

Assalaam aleikum, mafundi wenzangu.

Jumamosi saa 10 alasiri tunampokea profesa aliyetumia maisha yake ya kazi kutafiti jinsi mwili unavyosimama bila kuyumba na ukaaji salama kazini. Ni uani kwa Bi. Mwenyekiti, Ngamiani Barabara ya 12.

1. Njoo na kiti unachoshonea, kipimwe. Nyayo zikae chini zote, mgongo usijikunje.

2. Mchango 3,000 (nauli yake na chai), kwa mweka hazina.

3. Waleteni mama na bibi zetu. Macho, sikio la ndani na nyayo husaidiana kutusimamisha. Kimoja kikidhoofu, mtu huanguka kirahisi. Wanaumia mno bafuni, jamani!

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku: jina, na mnakuja wangapi.