Bakteria wa tumboni wasiuzwe juani

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu juu ya probayotiki, wale bakteria hai wanaosaidia tumbo, ambao siku hizi wanauzwa kwa vidonge na maziwa ya chupa kote Mombasa. Manufaa yapo, sikatai. Antibayotiki huua bakteria wabaya pamoja na wema, ndiyo maana wagonjwa wengi huharisha wakiwa kwenye dozi. Baadhi ya aina za bakteria waitwao Lactobacillus, na hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, zimeonekana kupunguza kuhara huko.

Lakini ufafanuzi wa probayotiki uliotolewa na FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2001 unataka vijidudu hivyo view hai, tena vya kutosha. Pita sokoni Mwembe Tayari saa saba mchana: chupa za maziwa lala, yaani yaliyochachushwa kwa bakteria, zimepangwa juu ya meza, vifuniko vingine vimefura kwa gesi. Joto huwamaliza bakteria wengi wa aina hii, na mnunuzi hawezi kujua kama ananunua walio hai au mizoga yao.

Maafisa wa afya wa kaunti wakague majokofu madukani, na KEBS, shirika la viwango nchini Kenya, idai lebo itaje aina ya bakteria na idadi yao hadi siku ya mwisho ya matumizi. Na wauzaji wakome kuwaambia akina mama kwamba maziwa haya yanatibu kipindupindu. Anayeharisha maji mfululizo apewe ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na akimbizwe hospitali.

Msomaji wenu,
Mombasa