Jina la ukoo lisiachwe kwenye cheti

Mhariri,

Nilianza kufundisha Kibosho, Moshi, mwaka 1984. Daftari la mahudhurio lilijaa akina Mushi, jina la ukoo wa huku; ukiita "Mushi!" nusu ya darasa inaitika. Juzi nimepitia daftari la binti yangu, naye mwalimu hapahapa: Mushi wa kuhesabu! Watoto ni wa migomba ileile. Ukoo haujapungua, ila mzazi anaandikisha jina la mtoto, la baba na la babu, la ukoo linaachwa. Cheti cha mjukuu wangu mwenyewe kinaishia "Aloyce", jina langu la ubatizo. Niliumia kukisoma. Kwetu wa ukoo mmoja hawaoani. Wakikutana Dar es Salaam watajuanaje? Wazazi, jina la ukoo liandikwe tangu cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi