Safari ya Dar imeshindikana. Nitapataje muda na wanangu ndani ya nyumba isiyofungwa mlango?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lindi mjini na mume wangu na mama mkwe. Mkubwa, wa kike, amemaliza darasa la saba, wa kati yuko la nne, na mdogo ni wa chekechea. Tuliwaahidi kwamba dada yao akimaliza mtihani, Desemba tutakwenda Dar es Salaam kwa mjomba wao. Mwaka huu ugonjwa wa ubwiri unga uliingia kwenye maua ya mikorosho, salfa ikatumika nyingi, na kile kidogo tulichopata mnadani kina kazi yake. Januari binti anaanza kidato cha kwanza. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu na madaftari tunanunua wenyewe. Tukakubaliana na baba yao kwamba safari hakuna. Watoto tumeshawaambia. Binti alilia sana, sasa ametulia.

Nikasema basi, tupumzike hapa hapa kwetu. Ya kufanya yapo, wala siombi unitafutie. Tunaweza kuvuka na kivuko asubuhi kwenda Kitunda, watoto wakaogelea, tukala mihogo na samaki wa kuchoma, jioni tukarudi. Embe ndio msimu wake. Na bibi yao ni hazina, Anti. Juzi huyu wa kati alimsimulia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru hapa mkoani kwetu, yaani dinosaria, yule aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa kasimamishwa makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Bibi akamwambia mifupa ile ilibebwa na watu wa huku huku, kwa miguu, siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Watoto wakachukua kamba wapime mita 13. Uani hazikuenea, ikabidi watoke nayo mpaka njiani, bibi anawasimamia. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia wageni, na baba yao yuko kwenye bao. Niliumia, maana jambo lile tulipaswa kulicheka wote pamoja.

Shida yangu ndiyo hiyo. Nauza vitumbua barazani, kwa hiyo kuanzia alfajiri watu wanaingia na kutoka. Shule zikifungwa kuna shughuli za unyago na jando, ndugu wa vijijini wanafikia kwetu kwa sababu tuko mjini. Siku tuliyopanga kuvuka Kitunda, wifi alishuka na watoto wake kutoka Nachingwea bila taarifa. Chakula nilichofunga kikaliwa nyumbani, safari ikaishia hapo. Wifi nampenda na sina ugomvi naye. Ila kila siku tunayoipanga huenda hivyo hivyo, na binti yangu ameanza kusema, "Mama, usituambie tena, tutaona siku yenyewe."

Mume wangu ni mtu mwema, hanywi, hapigi, anahangaika kwa ajili yetu. Lakini kwake yeye likizo ni kusafiri. Kama hatujasafiri, basi ni siku za kawaida na kazi ziendelee. Nikimwambia tuwaeleze ndugu kwamba siku fulani tuna jambo letu, ananijibu kwamba huko ni kujitenga, na kwamba tukifiwa ni hao hao watakaotuzika. Hapo simpingi, kwa sababu baba yangu alipofariki niliwaona kwa macho yangu walivyojaa uani. Mlango siwezi kuufunga na wala sitaki.

Lakini pia binti akishaanza sekondari, huenda akapangiwa bweni. Nikiangalia hivyo naona Desemba hii siwezi kuiachia ipite nikiwa nakaanga vitumbua.

Naomba unisaidie mambo haya. Nimwambieje mume wangu ili aone kwamba namhitaji yeye akae na wanawe, asidhani nakataa ndugu zake? Je, ni adabu kumwomba mama mkwe ndiye awaambie wifi na wengine kwamba Jumapili tutakuwa hatupo, kwa kuwa neno lake halikatazwi, au nitaonekana namtuma kusema yangu? Na vitumbua, nikiacha kuuza siku moja kwa wiki wateja watahamia kwingine, au wanazoea wakijulishwa mapema? Wenzangu mnaofanya biashara nyumbani, hasa mlio huku kusini, nanyi niambieni mnafanyaje.

Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo ukiweza unijibu mapema.

Mama wa watatu, Lindi