Wazee katika riwaya zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandishi wetu wa riwaya. Katika vitabu vingi nilivyofundisha darasani, na hata katika hadithi za mfululizo mnazochapisha, mzee huletwa kwa kazi maalumu: atoe usia, aroge mtu, au afe ili watoto wagombanie shamba. Ni nadra kumkuta akiwa mtu mwenye haja zake, anayeweza kupata rafiki mpya akiwa na miaka 75.

Wapo wanaodai kwamba upweke wa uzeeni ni habari za Ulaya. Waje huku Tukuyu mwezi wa Julai, ukungu unapowafungia watu ndani mapema, waone nyumba nzuri zilizojengwa na watoto walioko Dar es Salaam, ambamo anaishi bibi mmoja na redio yake. Hela inafika kwenye simu, mtu hafiki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inazungumzia afya na matunzo, na ni vema, lakini kueleza jinsi saa kumi na moja ya jioni inavyogoma kupita ni kazi ya riwaya.

Mimi ni mjane pia. Jirani yangu, mama asiyejua kusoma, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tukisalimiana tu njiani, alianza kuja kila Jumamosi nimsomee ujumbe wa mwanawe. Siku moja hapakuwa na ujumbe mpya, naye akanipa simu vilevile, akaketi, akaniomba nisome ule wa mwezi uliopita. Nikasoma harakaharaka. Akanikatiza: "Mwalimu, umeruka pale anaposema mtoto ameota meno." Kumbe alikuwa nao wote kichwani. Tangu hapo haji na simu kila mara. Huja na ndizi za kuchoma, tukaongea mpaka giza.

Waandishi wasiogope kwamba vijana hawatasoma habari kama hizi, kwani wengi wao wamelelewa na bibi na babu. Nawe, Mhariri, ukipata hadithi ya namna hiyo, tafadhali ichapishe kwa herufi kubwa kidogo. Miwani yangu imechakaa, na nitakuwa naisoma kwa sauti.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya