Kwa mdogo wangu, uliyekuwa ukipiga hodi kwenu

Mdogo wangu,

Hupokei simu tangu Februari, na Mama ameniambia nisikusumbue. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu waliokunyooshea kidole walikunyooshea mbele za watu. Mimi nilikukosea kimyakimya, lakini radhi sitaki kukuomba kimyakimya.

Machi 2018 ulihukumiwa miaka saba. Kosa ulilikiri mwenyewe mbele ya hakimu, sina la kulipamba. Sheria ya Magereza inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi ya kifungo, kwa hiyo Mama akaanza kuhesabu miaka minne na miezi minane. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais Magufuli alipotangaza kule Mwanza msamaha kwa wafungwa 5,533, chakula kilipoa mezani tukikusubiri. Hukuwemo. Mama akarudi kwenye hesabu yake, na Novemba 2022 ikatimia.

Ulitoka ukakuta laini yako imefungwa, maana tangu Januari 2020 walianza kuzima zile zisizosajiliwa kwa alama za vidole. Ukakuta na Rais mwingine. Hayo uliyazoea upesi. Sisi ndio hatukukuzoea. Ulilala taa ikiwaka, kama ulivyolala miaka yote ile, na Baba Mdogo akalalamika kwamba unamaliza luku. Mtu akipaza sauti uani, ulijikuta umechuchumaa kama vile mnahesabiwa. Tukakupeleka kwa mchungaji akuombee, tukakununulia dawa za tumbo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza kama unapata usingizi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wiki yako ya kwanza tulikuwa sebuleni, mimi na wewe tu. Nikainuka kwenda jikoni kuchota maji. Mkoba wangu ulikuwa kwenye kochi, nikauchukua. Nikaenda nao jikoni, nikachota maji kwa mkono mmoja, nikarudi nao. Uliutazama mkoba, ukatazama chini. Hukusema kitu, na mimi nikajifanya sikuona.

Tangu siku ile ukaanza kupiga hodi kwa mama yako mzazi. Ulisimama mlangoni hadi mtu aitike. Tukitoka wote sebuleni, na wewe unatoka, unakwenda kusimama chini ya mparachichi hadi mmoja wetu arudi. Mama alidhani unapenda upepo. Mimi nilijua, ndugu yangu. Ulikuwa unahakikisha kwamba kikipotea kitu, awepo wa kukushuhudia hukuwa peke yako ndani. Zaidi ya miaka miwili uliishi hivyo, nami nilikuona.

Kule ndani hukukaa bure. Ulifundishwa kushona viatu kwenye Gereza la Karanga, Moshi, na mkono wako ni mzuri, soli uliyoibana wewe haiachii. Ulipoweka meza yako kando ya barabara, wateja walikuja. Ni mpaka yule mama alipokuuliza ulijifunzia wapi, ukamjibu ukweli. Kesho yake alimtuma mtoto kuchukua viatu vyake hata kabla hujavimaliza, kimoja kina soli, kingine hakina. Ndani ya mwezi ukawa umekaa na gundi yako tu. Ukaomba kazi ya ghalani, wakakupa hadi tarehe ya kuanza, kisha wakadai cheti cha tabia njema cha polisi. Ulipokipeleka, nafasi ikawa imejaa.

Watu wanasema umekimbilia Dar kwa sababu jela imekuharibu. Nakataa. Jela ilikurudisha na ufundi mkononi na adabu yako. Kilichokuondoa ni macho yetu, na ya kwangu yalitangulia. Mahakama ilikupa miaka yenye idadi, nawe ukaimaliza. Sisi tulikuongezea mingine bila kukuambia itaisha lini.

Nisamehe kwa ule mkoba. Si lazima unijibu, wala sikuombi urudi kabla hujataka mwenyewe.

Baba Mdogo sasa ananunua luku bila kusema neno, na taa ya chumbani kwako Mama haizimi. Viatu vyake vya kanisani vimeachia soli tangu Pasaka. Nilitaka kuvipeleka kwa fundi wa stendi, akaninyang'anya, akaviweka chini ya kitanda chako. Jumapili anakwenda kanisani na kandambili.

Dada yako