Waliotapeliwa nauli ya mzigo si watu wa tamaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kuhusu utapeli wa mitandaoni, ule wa mtu kuahidiwa kitu cha bure kisha akatakiwa kulipia gharama za usafirishaji tu. Msomaji huyo alieleza vizuri namna mchezo huo unavyochezwa, ila alimalizia kwa kusema kwamba wanaolizwa ni watu wenye tamaa na kwamba wamejitakia wenyewe. Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Msamvu, Morogoro, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizigo katika ofisi moja ya mabasi kwa miaka tisa. Kwa kazi zote mbili nimekaa pale pale utapeli huu unapopitia, na kwa hilo la tamaa sikubaliani naye.

Mwezi uliopita mama mmoja mshonaji, mteja wangu wa siku nyingi, alifika kibandani kwangu kama saa nne asubuhi akiwa na shilingi 35,000 alizozifunga kwenye pindo la khanga, na namba ya simu aliyoiandika nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Akaniambia, "Mwanangu, niwekee hizi kwenye namba hii upesi, gari linaondoka saa sita." Palikuwa na foleni. Nikaingiza namba, likatokea jina la mwanamke nisiyemfahamu, nikathibitisha muamala, nikaandika kwenye daftari, mama akashukuru na kwenda zake. Kamisheni yangu kwa kazi hiyo haikufika bei ya chai na chapati.

Saa tisa alasiri alirudi akiwa na shilingi 48,000 alizokopa kwenye kikoba. Safari hii hapakuwa na mtu mwingine, nikamuuliza, "Shikamoo tena mama, huyu unayemtumia ni nani?" Ndipo aliponieleza yote. Binti yake alikuwa amemwonyesha ukurasa wa Facebook wenye picha ya vyerehani vyeusi vya kukanyaga kwa miguu, vimepangwa mstari mmoja kwenye sakafu ya saruji, na tangazo kwamba mradi fulani wa hisani unafungwa na mashine zake zinagawiwa bure kwa akina mama washonaji, mpokeaji agharamie nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam peke yake. Aliandika ujumbe, akajibiwa kwa adabu, akaulizwa jina, kata anayoishi na aina ya nguo anazoshona. Baada ya kutuma nauli alitumiwa picha ya mzigo uliofungwa kwenye salfeti, juu yake jina lake limeandikwa kwa maka peni kwa herufi kubwa. Sasa wanamwambia kwamba gari limezuiliwa kwenye mzani wa Vigwaza na cherehani haiwezi kupita mpaka ilipiwe kodi ya shilingi 48,000.

Mtu anayeifahamu barabara ya Dar es Salaam na Morogoro atacheka, maana mzani wa Vigwaza unapima uzito wa magari na haumtozi mshonaji kodi ya cherehani. Tena malipo ya Serikali siku hizi hufanywa kwa kumbukumbu namba, ile ambayo wengi tunaiita kontroli namba, na hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Lakini mama huyu hajawahi kulipa kodi ya mzigo, wala hana sababu ya kujua mzani unafanya kazi gani zaidi ya kusimamisha mabasi.

Alichokijua, na alikijua kwa usahihi kabisa, ni desturi yetu ya kutumiana mizigo kwa basi. Ndugu yako aliye Dar es Salaam akikutumia gunia, godoro au redio, anaipeleka ofisi ya basi, anakupigia simu kukutajia basi lenyewe, na mara nyingi anasema, "Nauli utalipa wewe." Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa mwenye kutoa zawadi ameshatoa zawadi, na kumwongezea mzigo wa nauli ni kukosa adabu. Tapeli hakubuni kitu kigeni. Alichukua desturi ya waungwana akaivaa, na ndiyo sababu namba yake ya kwanza, ile 35,000, haikumshtua mama wa watu hata kidogo. Kama angemwomba laki mbili angeuliza jirani. Kama angemwomba elfu tano angejiuliza ni basi gani linalobeba cherehani kwa elfu tano.

Kuna jambo moja tu tapeli alilolipindua, na nililiona kwa sababu niliwahi kukaa upande wa pili wa dirisha. Katika ofisi za mizigo, mzigo ambao mpokeaji ndiye atakayeulipia huandikiwa hivyo kwenye stakabadhi, pamoja na namba ya basi, jina na simu ya mpokeaji, na fedha hulipwa mzigo ukishafika na mwenyewe akishauona. Katika miaka yangu tisa sikumbuki hata siku moja ambapo mpokeaji alilazimika kulipa kwa simu kabla basi halijaondoka, na kwa namba ya mtu asiye mfanyakazi wa ofisi. Kwa hiyo nilimwomba mama ampigie huyo mtu wake, aweke sauti ya juu, amwambie kwamba fedha zote anazo na atazilipa hapa Msamvu akishaishika cherehani yake. Sauti iliyokuwa ikimwita "mama yangu mpendwa" ilibadilika papo hapo. Akaambiwa kwamba kuna akina mama wengine kumi wanaoisubiri nafasi hiyo, kwamba anawachelewesha watu, kisha simu ikakatwa, na tulipopiga tena haikupatikana.

Zile 48,000 zilirudi kwenye kikoba jioni ile ile. Zile 35,000 zimekwenda.

Sasa, Mhariri, tamaa iko wapi hapo? Mama anashona kwa cherehani ya kuazima, anagawana mapato na mwenye mashine, na aliona tangazo la watu wanaosema wanawasaidia washonaji. Anayeomba kilicho saizi ya shida yake tunamwitaje mwenye tamaa? Na wanaodhani kwamba ni suala la elimu wajue kwamba mwaka 2024 kampuni ya usalama wa mitandao iitwayo Proofpoint ilieleza utapeli wa aina hii hii uliokuwa ukiendelea Amerika Kaskazini tangu Januari mwaka huo, ambapo wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vikuu walipokea barua pepe za kupewa piano ya bure, kwa maelezo kwamba labda ni ya marehemu katika familia, na aliyejibu akaelekezwa kwa kampuni ya usafirishaji ya uongo ili alipie kuletewa. Kampuni hiyo ilikuta pochi moja ya sarafu za kidijitali iliyotumiwa na matapeli hao ikiwa imepitisha zaidi ya dola 900,000, ingawa ilisema pia kwamba huenda pochi hiyo ilipokea fedha za utapeli mwingine. Kule ni piano na wasomi wa vyuo vikuu, huku ni cherehani na mama wa Msamvu, lakini nauli inayotangulizwa ni ile ile.

Narudi kwenye lile jina lililotokea kwenye simu yangu, kwa sababu ndilo linalonikosesha raha. Mteja akiweka fedha kwenye simu yake kisha akatuma mwenyewe, hukatwa ada ya kutuma, lakini kabla ya kuingiza namba ya siri huliona jina la mpokeaji kwa macho yake. Akimpa wakala fedha taslimu aziweke moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine, huokoa ada hiyo, na jina linatokea kwenye simu ya wakala. Matapeli wanalijua hili vizuri. Mama huyu aliambiwa wazi kwamba asitume kwa simu yake bali aende kwa wakala "ili asikatwe", na kwa namna hiyo mtu pekee aliyeona kwamba mradi wa hisani unapokelea fedha kwenye laini ya mtu binafsi nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa naangalia foleni. Tulipoanza kazi tulifundishwa kwamba mteja aweke kwenye simu yake kwanza. Tumelegeza kwa sababu wateja wanataka hivyo na kwa sababu kamisheni ni ile ile. Sisi mawakala tukubali kwamba sehemu ya lawama hii ni yetu, kabla hatujaanza kuwalaumu waliolizwa.

Wapo watakaosema kwamba jina lililosajiliwa linatosha kumkamata mhalifu, kwani laini zote zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Ni kweli zimesajiliwa, ila kwa vidole vya nani? Wazee wameshaambiwa na wasajili wa barabarani, "Bibi, weka kidole tena, hakijasoma," na kidole cha pili kikafungua laini ya pili ambayo bibi mwenyewe hajawahi kuiona. Kila msomaji anaweza kubonyeza *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Nimewabonyezea wateja wangu kadhaa, na wawili walikuta namba wasizozijua. Huenda mwanamke yule niliyeliona jina lake hajui hata kwamba mama wa Msamvu amemtumia fedha.

Nilimsindikiza mama kituo cha polisi. Sitakitaja kituo, kwani askari aliyetupokea alikuwa mstaarabu na alituambia ukweli wake, kwamba kwa shilingi 35,000 tutazunguka sana, na nauli ya kuzunguka itazidi fedha zilizopotea. Mama akaniangalia, akasema, "Tuondoke, baba." Hapo ndipo tapeli anapoponea. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa lenye kifungo kinachoweza kufikia miaka saba, na haisemi kwamba mali hiyo lazima iwe ya mamilioni. Mashauri haya yakipokelewa moja moja yataonekana madogo siku zote. Yakikusanywa kwa namba ya mpokeaji, malalamiko ya Morogoro yakawekwa pamoja na ya Iringa na Tabora, yatakuwa shauri moja kubwa. Mamlaka ya Mawasiliano inatutaka turipoti namba za matapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, nami nimeiripoti ile namba. Ninachoomba kampuni za simu zifikirie ni hiki: namba ikisharipotiwa na watu kadhaa, wakala anayeiingiza apate onyo kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha muamala. Jina limeshawekewa mahali pa kutokea. Onyo nalo halitashindwa kutokea hapo.

Nawe, Mhariri, ungetusaidia sana kama ungekuwa unachapisha maneno ya matangazo haya kama yalivyo, pamoja na makosa yake na heshima zake za uongo, badala ya kutuambia kwa jumla tujihadhari na matapeli. Mama yule alikuwa anajua kuna matapeli. Anaukumbuka ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii", na anaucheka. Ila hakuwahi kusikia kuhusu tapeli anayefunga salfeti na kuandika jina lako juu yake.

Kwa upande wangu, tangu siku ile nasoma kila jina kwa sauti kabla ya kuthibitisha, hata foleni ikiwa ndefu. Wengine wananikasirikia na kuhamia kwa wakala wa pili. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kuweka shilingi 22,000 kwa ajili ya kusafirishiwa simu aliyoambiwa ameshinda, nikamsomea jina, akanyamaza kidogo, kisha akaomba arudishiwe noti zake.

Wako,
Wakala wa huduma za fedha,
Msamvu, Morogoro.