Daraja la pili la wanawake lisisubiri kombe jingine

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu ya majuzi kuhusu soka la wanawake iliishia pale ambapo kila mkazi wa Lubumbashi angependa kuishia, yaani kwenye bao moja kwa bila ambalo TP Mazembe, klabu ya mji wetu, iliifunga AS FAR ya Morocco katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake, Novemba 2024, nchini Morocco. Nilishangilia kama wengine. Hata hivyo, kombe lile linatuonyesha uwezo wa klabu moja yenye fedha, wala halituambii msichana wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ambaye hakuchaguliwa na Mazembe atacheza wapi na nani atamlipa. Julai 2025, katika Kombe la Afrika la wanawake, huko huko Morocco, timu yetu ya taifa, ya Kongo, ilifungwa mechi zote tatu za kundi lake.

Naiomba FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, itupatie daraja la pili la wanawake la kulipwa, lenye ratiba ya msimu mzima, ambamo timu hupanda na kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Uingereza ilianzisha daraja la namna hiyo mwaka 2014, na mwaka 2025 London City Lionesses, klabu isiyo na timu ya wanaume ya kuitegemea, ilipanda kutoka humo hadi ligi kuu. Mfano huo unatuhusu sana, maana kwetu timu ya wasichana ikiwa chini ya klabu ya wanaume, fedha zikipungua ndiyo ya kwanza kukatiwa posho. Si kwetu tu, kwa kweli: timu za wanawake za Reading mwaka 2024, kisha Blackburn Rovers mwaka 2025, zilijiondoa katika daraja hilo hilo la Uingereza kwa sababu ya gharama.

Kwa hiyo fedha zihakikishwe kabla ya sherehe za uzinduzi, ambazo viongozi wetu huzipenda kuliko ratiba. Timu isisajiliwe kabla haijaonyesha mikataba ya wachezaji na mishahara ya msimu iliyowekwa benki. Mechi zichezwe kwa kanda, na washindi wa kanda wakutane mwishoni tu, kwani tiketi za ndege za kwenda Kinshasa na kurudi zinatosha kuifilisi timu ndogo kabla ya Krismasi.

Anayeona madai haya ni makubwa mno apite jioni kwenye viwanja vya vumbi vya Katuba au vya Kenya, mtaa mwingine wa mji wetu. Mchezaji anayetoka huvua njumu pembeni mwa uwanja, anayeingia huzivaa zikiwa bado na jasho, na mwamuzi huwasubiri bila kulalamika kwa kuwa amezoea.

Gazeti lenu nalo lingeweza kuchapa matokeo ya mechi za wasichana za mjini kila Jumatatu, hata kwa mistari minne, ili mfadhili anayetafuta timu ajue zipo zipi.

Wako,
Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi